Remmy Ongala na Super Matimila: mtoto wa Kindu aliyekuwa sauti ya wanyonge Dar es Salaam

Kijana wa Kasongo ao wa Kabambare anayetaka kuimba anajua shida ya kwanza: sauti iko, nyimbo ziko, lakini gitare ni ya mtu mwingine. Mwenye vyombo njo mwenye orkestre. Siku akikasirika anafunga mlango, na muziki unaisha siku ile.

Shida hiyo si ya leo. Mtoto mmoja wa Maniema aliipitia miaka mingi iliyopita, akavuka mipaka nayo, akaimba paka Ulaya. Jina lake ni Ramadhani Mtoro Ongala. Watanzania walimwita Dokta Remmy. Orkestre yake, Super Matimila, ilikuwa kati ya zile zilizopendwa sana Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990.

Ukifika Dar es Salaam leo, utasikia kituo cha basi kinachoitwa Sinza kwa Remmy. Wanaopanda na kushuka pale kila siku, si wote wanaojua kama Remmy huyo alizaliwa upande wa Kindu, hapa kwetu. Na huku kwetu pia, vijana wengi wanaijua rumba ya Kinshasa kuliko historia ya mzaliwa wa jimbo lao.

Mtoto wa nywele na meno

Remmy alizaliwa tarehe 10 mwezi wa 2 mwaka wa 1947. Wakati ule inchi ilikuwa Kongo ya Wabeleji, na Maniema ilikuwa bado sehemu ya Kivu. Maniema ilipata kuwa jimbo peke yake mwaka wa 1988, mwaka uleule ambao Remmy alikuwa anapiga muziki Ulaya kwa mara ya kwanza.

Habari ya kuzaliwa kwake aliielezea mara nyingi. Mama yake alikuwa amekwisha kupoteza watoto wawili. Alipopata mimba tena, alikwenda kwa munganga wa kienyeji, naye akampa masharti: asizalie hospitali, na mtoto akitoka, nywele zake zisikatwe. Mtoto akazaliwa na meno mawili ya mbele. Kwa wazee ile ilikuwa alama kwamba mtoto huyu ana kipawa cha uganga.

Kwa hiyo nywele ndefu zilizosokotana, ambazo watu wa Ulaya walifikiri ni za kirasta, zilianzia kwenye masharti ya munganga wa Maniema. Hata jina la Dokta lilitokea hapo. Hakupata kisomo cha udaktari. Watu walimwona ni mtu aliyezaliwa na dawa, na baadaye wakasema dawa yake ni maneno ya nyimbo zake.

Baba yake alikuwa mwimbaji na mpigaji wa kisanji na ngoma. Hapo njo Remmy alipata masomo ya kwanza ya muziki, nyumbani, bila shule. Lakini baba alikufa Remmy akiwa bado mtoto mdogo, na mama naye akafariki kabla kijana hajakomaa. Akabaki yatima, na wadogo nyuma yake. Kisomo kikasimama. Kuimba kukawa kazi ya kutafuta chakula.

Miaka ile inchi nayo ilikuwa na moto. Mwaka wa 1964 waasi wa Simba walikamata Kindu. Kwa wazee wa Kasongo na Kabambare hiyo ni miaka ya kukimbilia porini. Katika wakati wa namna ile, kijana asiye na baba wala mama alijifunza kupiga gitare na ngoma za kizungu, akaingia katika vikundi vya vijana vilivyopiga mahotelini, kama Bantu Success. Kisha akazunguka na orkestre nyingine, kati yao Success Muachana na Grand Mickey Jazz. Kazi ile ilimpitisha katika miji ya mashariki mwa Kongo na kumfikisha Uganda.

Barabara ya Wamanyema

Kwa nini mwanamuziki wa Maniema aende mashariki, asiende Kinshasa? Ukiangalia ramani, jibu ni jepesi. Kutoka Kindu kwenda Kinshasa ni mbali sana, na ukifika kule muziki ni wa Kilingala. Ukielekea mashariki unapita Kasongo, Kabambare, Fizi, unafika ziwa Tanganyika, unavuka Kigoma. Kule unakuta lugha yako inakungojea.

Ni barabara ya zamani. Katika karne ya 19 Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa biashara ya Waarabu na Waswahili, na Tippu Tip alikuwa na makao yake pale. Pembe za ndovu na watumwa walipita njia hiyo kwenda Ujiji, Tabora, paka pwani. Watu wengi wa Maniema walibaki huko, wengine kwa nguvu, wengine kwa kupenda. Wakaitwa Wamanyema. Wapo Kigoma na Ujiji paka leo, na katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, kuna Msikiti wa Manyema. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka wa 1914, na safari ikawa ya siku chache tu.

Wanamuziki wa Kongo waliifuata njia hiyo kwa wingi katika miaka ya 1970. Zaire ya Mobutu ilikuwa imetaifisha biashara za wageni mwaka wa 1973, na kisha pesa ikaanza kupoteza bei. Orkestre nyingi za mikoani hazikuwa na studio wala soko. Kule Tanzania, watu walikuwa wanapenda dansi ya Kikongo sana. Maquis du Zaire walikuwa wamefika Dar es Salaam tangu mwanzo wa miaka hiyo. Wengine walikwenda paka Nairobi, sababu huko kulikuwa viwanda vya kutengeneza disiki.

Kwa mzee Makassy

Mwaka wa 1978 Remmy aliitwa Dar es Salaam na mjomba wake, Mzee Makassy, mwenye Orchestra Makassy. Huko alikuta wanamuziki wengi waliotoka Kongo kama yeye. Alikuwa na miaka 31, si kijana tena, lakini jina lake lilikuwa bado halijulikani.

Wimbo uliomfungulia mlango ulikuwa "Siku ya Kufa". Aliutunga juu ya kifo cha rafiki. Tayari hapo unaona ginsi alivyokuwa tofauti na wenzake. Nyimbo nyingi za dansi zilikuwa za mapenzi na za kusifu matajiri. Remmy alisimama kati ya watu waliokuja kunywa na kucheza, akawaimbia juu ya kaburi. Nao hawakuacha kucheza.

Mwanzo wa miaka ya 1980 Makassy alihamisha orkestre kwenda Nairobi, na mwaka wa 1982 wakatoa disiki "Agwaya" kwa kampuni ya Virgin ya Uingereza. Remmy alibaki Dar es Salaam. Pale akajiunga na Orchestra Matimila.

Vyombo vya nani?

Hapa inafaa kueleza ginsi orkestre za Tanzania zilivyokuwa zinaendeshwa, sababu bila hiyo huwezi kuelewa kazi ya Remmy.

Orkestre nyingi kubwa hazikuwa za wanamuziki. Zilikuwa za mashirika: JUWATA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, DDC Mlimani Park ilikuwa ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, Vijana Jazz ilikuwa ya vijana wa chama. Nyingine zilikuwa za matajiri binafsi. Tajiri ao shirika lilinunua gitare, ngoma, saksofoni, mikrofoni na mashini za sauti. Mwanamuziki alikuja na mikono mitupu, akalipwa mshahara ao sehemu ya pesa ya mlangoni. Akiona shirika lingine linalipa vizuri zaidi, alihama. Ndiyo maana waimbaji wa Dar es Salaam walikuwa wanahama kila mara, na orkestre moja ikivunjika, nyingine mbili zilizaliwa.

Disiki nazo hazikuleta pesa. Kituo cha redio kilikuwa kimoja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio njo iliyokuwa studio: orkestre iliingia, ikarekodi nyimbo zake, zikapigwa inchi nzima. Wimbo ungeweza kuimbwa na kila mtu kutoka Mwanza paka Mtwara, na mtunzi bado anakwenda kazini kwa miguu. Kanda za kunakiliwa zilijaa sokoni, na mwenye wimbo hakupata kitu. Chakula kilitoka kwenye baa, usiku, kwa kupiga masaa mengi.

Tena hali ya maisha ilikuwa ngumu. Vita vya kumwondoa Idi Amin, 1978 na 1979, vilikula akiba ya Tanzania. Pesa za kigeni zilikosekana, na kupata nyuzi za gitare ao kipande cha mashini ilikuwa tabu.

Matimila nayo ilikuwa ya tajiri mmoja mfanyabiashara. Jina lenyewe ni la kijiji kimoja cha kusini mwa Tanzania. Ni kusema Remmy, mtoto wa Kindu, alijenga jina lake juu ya jina la kijiji ambacho si chake, na juu ya vyombo ambavyo si vyake. Lakini hakukawia kuwa kiongozi wa kikundi. Kikaitwa Super Matimila, na watu wakasema wanakwenda kumsikiliza Remmy, hawakusema wanakwenda kwa tajiri.

Muziki wa ubongo

Aina ya muziki wake Remmy aliiita ubongo. Kila orkestre ya Dar es Salaam ilikuwa na jina la mtindo wake: Mlimani Park walikuwa na Sikinde, JUWATA walikuwa na Msondo. Kwa Remmy, ubongo ilikuwa na maana ya moja kwa moja: muziki wa kufikiri. Watanzania wenyewe wanaita mji wao Bongo, sababu ukikaa pale bila kutumia akili, huwezi kula.

Mpiga gitare yeyote wa Maniema akisikiliza Super Matimila atatambua nyumbani. Magitare matatu yanajibizana: moja inashika mwendo, ya pili inazunguka katikati, ya solo inapanda juu. Chini kuna gitare ya besi, na pembeni saksofoni na ngoma. Mpiga solo aliyejulikana zaidi katika kikundi ni Batii Osenga. Wimbo unaanza taratibu, maneno yanasikika vizuri, kisha mwendo unabadilika na kucheza kunaanza. Sisi tunaita sebene, Watanzania wanaita chemko.

Lakini kuna tofauti na Kinshasa. Kule sebene ilikuwa inazidi kurefuka na maneno kupungua. Remmy alishikilia maneno. Sehemu ya kwanza ya wimbo wake ilikuwa kama mazungumzo ya mzee na vijana: anauliza, anajijibu, anatania, anatoa mfano, anarudi kwenye swali. Tena aliimba kwa Kiswahili, na Kiswahili chake hakikuficha kule alikotoka. Katika disiki yake ya mwaka wa 1992 kuna wimbo unaoitwa "Inchi Yetu". Mtanzania angeandika nchi. Inchi ni ginsi tunavyosema na kuandika huku kwetu.

Mambo aliyoimba yanajulikana kwa majina ya nyimbo. "Mnyonge Hana Haki" na "Sauti ya Mnyonge" ni juu ya masikini asiyesikilizwa. "Ndumilakuwili" ni juu ya mtu wa midomo miwili. "Nalilia Mwana" ni kilio cha mwanamke asiye na mtoto, na anayejua ginsi mama wa Remmy mwenyewe alivyohangaika ataelewa wimbo ule ulikotoka. "Kifo" ulikuwa wimbo wa kuuliza mauti maswali, na Watanzania wengi wanauweka juu ya nyimbo zake zote. "Muziki Asili Yake Wapi" uliuliza muziki ulianzia wapi.

Remmy hakuwa mwimbaji wa chama. Orkestre za mashirika zilikuwa na wajibu wa kusifu serikali na siasa yake. Super Matimila ilikuwa ya mtu binafsi, na kwa hiyo ilikuwa huru kidogo zaidi. Lakini uhuru ule ulikuwa na hatari yake. Remmy alikuwa mgeni, mtu aliyetoka Zaire. Mgeni anayesema kwa sauti juu ya haki za masikini anatembea juu ya kamba. Yeye alisema hata hivyo, na masikini wa Dar es Salaam wakamhesabu kuwa wao.

Kutoka Sinza paka Uingereza

Katika miaka ya 1980 kanda ya Super Matimila ilifika Uingereza, kwa wakubwa wa WOMAD, tamasha la muziki wa dunia ambalo mwimbaji Peter Gabriel alikuwa kati ya waanzilishi wake. Wakapenda walichosikia. Mwaka wa 1988 nyimbo zilizokwisha kurekodiwa Tanzania zikatolewa huko katika disiki "Nalilia Mwana", na kikundi kikaalikwa kupiga katika matamasha ya Ulaya.

Fikiri ile hatua. Orkestre iliyozoea baa za Dar es Salaam, yenye mashini za sauti zilizochoka, inasimama mbele ya maelfu ya watu wasiojua neno moja la Kiswahili. Watu wale walicheza. Mwaka wa 1989 wakarekodi katika studio za Real World, katika kijiji cha Box, kusini magharibi mwa Uingereza. Disiki ikaitwa "Songs for the Poor Man", ni kusema nyimbo za mtu masikini. Ilikuwa kati ya disiki za kwanza kabisa za kampuni ya Real World.

Disiki ya pili kwa kampuni hiyo, "Mambo", ilitoka mwaka wa 1992. Humo Remmy aliimba sehemu nyingine kwa Kiingereza ili wageni wamsikie. Wimbo mmoja uliitwa "No Money No Life", bila pesa hakuna maisha. Mwingine ulibeba jina la Augustine Mrema, waziri wa mambo ya ndani wa Tanzania wakati ule, ambaye watu wadogo walimpenda kwa ginsi alivyopambana na rushwa. Na mwingine uliitwa "I Want to Go Home", nataka kwenda nyumbani. Kwa mtu aliyezaliwa Kindu na kujenga Sinza, nyumbani ni neno lenye njia mbili.

Pesa za Ulaya hazikumfanya kuwa tajiri mkubwa. Lakini kwa orkestre ya Dar es Salaam, safari moja ya nje ilikuwa na maana kuliko miaka ya mshahara: ilileta pesa za kigeni, na pesa za kigeni njo zinazonunua gitare. Mwanamuziki mwenye vyombo hahitaji kuomba ruhusa ya kuimba.

Soksi

Wimbo uliozusha kelele kuliko zote ulitoka mwaka wa 1990. Jina lake ni "Mambo kwa Soksi".

SIDA, ambayo Watanzania wanaiita UKIMWI, ilikuwa imetambuliwa kwao mwaka wa 1983, katika mkoa wa Kagera. Miaka saba baadaye watu walikuwa wanakufa wengi, na maneno ya wazi yalikuwa bado haramu. Serikali ilisema watu wajihadhari, dini zikasema watu wawe waaminifu. Lakini kutaja kapoti mbele ya watu, wazazi na watoto pamoja, ilionekana ni aibu.

Remmy akachukua neno la mtaani. Soksi tunazijua: unavaa kabla ya kuingiza mguu katika kiatu. Kila mtu alielewa. Wimbo ulihimiza watu kutumia kinga, kwa mwendo wa kucheza na kwa kuchekesha, bila kuficha kitu. Radio Tanzania ilikataa kuupiga.

Katika inchi yenye redio moja, kukataliwa na redio ilikuwa kama kuzikwa. Lakini wimbo haukufa. Ulipigwa kwenye baa, ukapita kwa kanda kutoka mkono mpaka mkono, madereva wakaupiga katika magari yao. Zile kanda za kunakiliwa ambazo zilimnyima Remmy pesa zake, mara hii zilimbebea ujumbe.

Miaka michache baadaye maneno yaliyokataliwa yalikuwa yameandikwa kwenye mabango ya afya kila mahali. Kwa Maniema habari hii haijapitwa na wakati. Pale watu wanapokusanyika juu ya kutafuta dhahabu, kama Salamabila katika teritwari ya Kabambare, wanaume wako mbali na nyumba zao na pesa inazunguka usiku. Waganga wa hospitali na vituo vya afya wanajua kama maneno ya wazi katika lugha ya watu yanafanya kazi kuliko karatasi ya Kifaransa ukutani.

Miaka ya mwisho

Katikati ya miaka ya 1990 mambo yalibadilika. Redio za watu binafsi zilifunguliwa Tanzania, disko zikajaa mjini, na vijana wakaanza kurapu kwa Kiswahili. Muziki wao ukaja kuitwa Bongo Flava. Kijana mmoja na kompyuta alikuwa na bei ndogo kuliko orkestre ya watu wengi wanaohitaji kula. Orkestre nyingi za zamani zilipungua nguvu, na Super Matimila pia.

Mwaka wa 2001 Remmy alipigwa na ugonjwa wa kupooza. Mwili wa upande mmoja ukakosa nguvu. Mtu aliyekuwa anaruka jukwaani sasa alihitaji kushikwa. Alipopata nafuu kidogo, aliacha muziki wa dansi, akabatizwa, akageukia nyimbo za dini. Akakata nywele zake, zile ambazo munganga alikataza zisikatwe tangu siku ya kuzaliwa. Mashabiki wengine walisikitika. Wengine walisema mtu ana haki ya kuchagua anavyotaka kumaliza safari yake. Mwenzake wa zamani katika Super Matimila, Cosmas Chidumule, naye alikwenda kwenye nyimbo za Injili.

Remmy Ongala alifariki Dar es Salaam tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka wa 2010, akiwa na miaka 63. Alizikwa Sinza, katika mtaa uleule uliochukua jina lake. Ameacha mjane, Toni, mwenye asili ya Uingereza, na watoto. Kati yao Kali Ongala alikuwa mchezaji wa mpira, alichezea Yanga na Azam za Dar es Salaam na pia alicheza Sweden, kisha akawa kocha. Aziza Ongala ameshika kazi ya baba, ni mwimbaji.

Anachoacha kwa Maniema

Watu wa mashariki mwa Kongo wameendelea kuifuata barabara ya Remmy, lakini wengi kwa sababu ya vita. Kambi ya Nyarugusu, upande wa Kasulu katika mkoa wa Kigoma, ilifunguliwa mwaka wa 1996 na imejaa Wakongo, wengi kutoka Kivu ya Kusini. Humo kuna vijana wanaoimba. Nao wanauliza swali lile alilokuwa nalo Remmy: mgeni anaruhusiwa kusema nini?

Maisha yake yanaonyesha mambo matatu ambayo mwanamuziki wa Kasongo ao Kabambare anaweza kushika.

La kwanza, lugha. Remmy hakungoja kujua Kilingala cha Kinshasa wala Kifaransa cha shule. Alitumia Kiswahili cha nyumbani, na ndicho kilichompeleka mbali. Kiswahili hicho kinasikika kutoka Kindu paka Zanzibar.

La pili, vyombo. Kipaji chake kilikuwa kilekile alipokuwa anapiga gitare ya tajiri. Kilichobadilika ni nguvu ya kuamua. Vijana wanaoweka pesa pamoja, hata kidogo kidogo, kununua gitare moja ya kikundi, wamefanya hatua kubwa kuliko wanaongoja mfadhili.

La tatu, maneno. Nyimbo za kusifu wakubwa zinalipa haraka na kusahaulika haraka. Zile za mnyonge zililipa polepole, lakini kondakta wa basi la Sinza bado anaita jina la aliyeziimba, asubuhi na jioni.

Tarehe za kukumbuka

1947: Ramadhani Mtoro Ongala anazaliwa upande wa Kindu.
1978: Anafika Dar es Salaam na kujiunga na Orchestra Makassy.
Mwanzo wa miaka ya 1980: Makassy wanakwenda Nairobi, Remmy anaingia Matimila, ambayo inakuwa Super Matimila.
1988: Disiki "Nalilia Mwana" inatoka Uingereza, safari ya kwanza ya Ulaya na WOMAD.
1989: "Songs for the Poor Man", Real World.
1990: "Mambo kwa Soksi", Radio Tanzania inakataa kuupiga.
1992: "Mambo", Real World.
2001: Anapooza, baadaye anaacha dansi na kuimba nyimbo za dini.
2010: Anafariki Dar es Salaam, tarehe 13 mwezi wa 12.